Raha Isiyodaiwa Hesabu

Mwaka 1826 kijana mmoja wa Kiingereza, John Stuart Mill, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri, alijiuliza swali lililomvunja nguvu kwa miezi. Alikuwa na umri wa miaka 20. Baba yake, James Mill, alianza kumfundisha Kigiriki akiwa na miaka 3 na Kilatini akiwa na miaka 8, akamlea kama mtu anayeandaliwa kwa kazi moja tu: kuurekebisha ulimwengu. Kijana mwenyewe aliipokea kazi hiyo kwa moyo wote. Siku moja akajiuliza: mabadiliko yote unayoyapigania, ya sheria na ya fikra za watu, yakitimia saa hii hii, utafurahi kweli? Jibu lililomtoka ndani lilikuwa hapana. Kila alichokuwa akiishi kwa ajili yake kikaanguka papo hapo.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi, lakini kuna kipande ambacho wasimuliaji hukiruka, nacho ndicho kinachonivutia mimi. Katika kipindi hicho cha majonzi Mill, aliyependa muziki tangu utotoni, aliingiwa na hofu kwamba muziki utakwisha. Alipiga hesabu kabisa: sauti ni chache, namna za kuzipanga zina kikomo, na katika hizo ni sehemu ndogo tu inayopendeza sikioni. Nyingi bila shaka zimeshagunduliwa. Basi watunzi wa kesho watatoa wapi? Unaweza kucheka, na mwenyewe baadaye aliiona ile hofu kuwa ya kuchekesha. Ila tazama alivyoufikiria muziki: kama nafaka ghalani, kitu cha kukadiria kimebaki magunia mangapi. Mazoea ya kutafuta matokeo yalikuwa yamemfuata hadi kwenye jambo ambalo halikuwa likimdai matokeo yoyote.

Ninaanza na Mill kwa sababu ushauri tunaopewa kila siku kuhusu uwiano wa kazi na starehe ni ushauri wa saa. Gawa siku yako, tunaambiwa. Saa hizi za malengo, saa hizi zako mwenyewe. Sina ugomvi na ratiba. Lakini mtu anaweza kujitengea jioni nzima, akakimbia, akasoma, akachora, na bado asiwe ametoka kazini hata dakika moja, kwa kuwa kila alichokishika amekitafutia faida. Kukimbia ni kwa ajili ya kilo. Kitabu ni kimoja kati ya vile alivyojiahidi kuvimaliza kabla ya mwaka kuisha. Mchoro unasubiri kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Saa zimegawanywa vizuri kabisa, na kilichotafutwa hakijapatikana.

Lugha yetu yenyewe imeegemea upande wa malengo. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wahenga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchumia juani hulia kivulini. Siwabishii, asiyeinama hapati, na hakuna nyumba, shahada wala biashara iliyosimamishwa na watu waliokuwa wakijipitishia muda. Ila hiyo ya tatu inaishia kivulini na kumwacha mtu wetu hapo. Amechuma, amefika, anakula. Baada ya hapo?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilishughulikia swali hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na bado sijaona aliyelieleza vizuri zaidi. Aliyatenga matendo mafungu mawili. Kuna tendo kama kujenga nyumba: muda wote unaojenga, nyumba bado haijajengwa, na siku inapokamilika, kujenga kumekwisha. Na kuna tendo kama kuona: unapoona, tayari umeshaona, hakuna kinachosubiriwa mbele. Mkatize mjenzi katikati, umemharibia. Mkatize anayesikiliza wimbo anaoupenda, atakasirika, lakini dakika alizozisikiliza zilikuwa kamili zenyewe.

Mwanafalsafa Kieran Setiya, wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliifufua tofauti hiyo mwaka 2017 alipoandika kuhusu watu wa umri wa kati ambao wamefanikiwa na bado wanajihisi watupu. Hoja yake inauma. Tendo lenye kikomo, likifanikiwa, linajiondoa maishani mwako. Ulikuwa na jambo linalokupa sababu ya kuamka, umelitimiza, sasa huna tena. Kwa hiyo anayeishi kwa malengo peke yake kila wakati yuko katika moja ya hali mbili: hajapata bado, au ameshamaliza. Michael Phelps, muogeleaji mwenye medali 28 za Olimpiki, 23 zikiwa za dhahabu, amesema hadharani kwamba baada ya kila Olimpiki alizama katika sonona. Mtu atasema huyo si wa kawaida, tusimfanye kipimo. Sawa. Lakini aliyewahi kukabidhi tasnifu, au kumaliza harusi aliyoiandaa mwaka mzima, anaijua ile wiki inayofuata.

Hapa wengi huteleza. Wakishayasikia haya huhitimisha kwamba jambo la kufurahiwa kwa ajili yake lenyewe ni lile lisilo na lengo la aina yoyote: kukaa, kutembea bila kwenda popote, kutazama machweo. Sasa mcheza drafti anayekunja uso, anayemlaani mwenzake kwa kumla kete mbili, tutamweka wapi? Anataka kushinda na hafichi. Mwanafalsafa Bernard Suits alilijibu hilo mwaka 1978 kwa mfano wa gofu. Kama haja ni mpira uingie shimoni, ungeuchukua kwa mkono, ukatembea nao, ukautumbukiza. Hakuna anayefanya hivyo. Mchezaji anajiwekea kwa hiari yake vizuizi visivyo vya lazima, fimbo ndefu na mpira mdogo na umbali wote ule, kwa sababu anachokitaka ni ile shughuli inayozaliwa na vizuizi hivyo. Lengo lipo, tena analifukuzia kwa jasho, lakini limewekwa ili mchezo uwepo. Kazini mambo ni kinyume: shughuli ipo ili lengo lifikiwe, na njia ya mkato ikitokea unaishukuru.

Njia ya mkato, basi, ni kipimo kizuri kuliko kuhesabu saa. Mwambie anayefuma sweta kwamba sweta kama hiyo iko dukani, tayari, kwa bei ya chini kuliko uzi anaoutumia. Akiendelea kufuma, umeshamjua.

Na kwamba mazoea ya kutafuta matokeo yanaweza kuliharibu jambo zuri si hisia za washairi tu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kwa kuchora, cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu. Kundi la pili lilichora bila kuahidiwa kitu, kisha likapewa cheti kwa kushtukiza. La tatu halikuahidiwa wala kupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, na watafiti wakatazama nani anazifuata. Watoto walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Waliokipata kwa kushtukiza hawakuathirika. Cheti kilikuwa kile kile. Kilichowaharibia ni kuchora huku wakikitazamia. Hata michoro yao ya siku ya ahadi ilionekana duni zaidi kwa waliopewa kuipima bila kujua ni ya nani.

Kabla ya hapo, mwaka 1971, Edward Deci alikuwa ameonyesha jambo linalofanana kwa wanafunzi wa chuo na fumbo la vipande saba vinavyopangwa kuwa maumbo. Waliolipwa dola moja kwa kila umbo walilolipata, malipo yalipoondolewa, walilichezea kidogo kuliko awali pale walipoachwa peke yao chumbani na magazeti kando.

Matokeo haya yalizua ubishi wa miaka mingi kati ya wanasaikolojia, na si ubishi wa bure. Mwaka 1999 Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walizikusanya tafiti 128 na kuzichambua pamoja. Picha iliyotoka ina kona zake. Zawadi iliyoahidiwa kwa kufanya jambo hupunguza hamu ya kulifanya, ikiwa jambo lenyewe lilikuwa likipendeza. Sifa ya maneno, kwa wastani, huiongeza hamu. Na kazi isiyopendeza tangu mwanzo haina cha kupoteza. Hili la mwisho ni muhimu, kwa kuwa wapo wanaozichukua tafiti hizi na kuhubiri kwamba fedha huua ari, kisha wakawalipa watu vibaya. Anayefagia barabara alfajiri hapungukiwi mapenzi ya ufagio kwa kulipwa vizuri.

Siku hizi cheti chenye utepe tunajipa wenyewe, kwa simu. Chukua hatua 10,000 kwa siku, lengo ambalo mamilioni ya watu wanalifukuzia kana kwamba limetoka maabara. Lilitoka kwenye biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua kilichobeba idadi hiyo katika jina lake, na idadi ikashika. Sisemi kutembea hakuna faida. Kunayo, tena kubwa, hata kwa hatua chache kuliko hizo. Nasema jambo jingine. Mwaka 2016 mtafiti Jordan Etkin alichapisha majaribio kuhusu watu waliopimwa walipokuwa wakifanya mambo ya kufurahisha, kama kupaka rangi, kutembea na kusoma. Waliopimwa walifanya zaidi. Walifurahia kidogo. Na kipimo kilipoondolewa, walikuwa na hamu ndogo ya kuendelea. Mwaka huo huo Gabriela Tonietto na Selin Malkoc walionyesha kwamba hata kuipangia starehe saa kamili kunaifanya ianze kufanana na kazi, ilhali ahadi ya juu juu, ya kuonana mchana mchana baada ya shughuli, haileti tatizo hilo. Waliozoea kuambiana "tutaonana jioni" bila kutaja saa, na kulaumiwa kwa hilo, wana cha kujitetea.

Kuna wanaodhani jibu ni kuunganisha: penda unachokifanya, kisha ongeza malengo juu yake, nguvu zitakuwa mara mbili. Inasikika vizuri. Mwaka 2014 Amy Wrzesniewski, Barry Schwartz na wenzao walitoa uchambuzi wa zaidi ya vijana 10,000 walioingia chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka. Walioingia kwa kuupenda uofisa wenyewe walifanikiwa zaidi. Lakini wale waliokuwa na mapenzi hayo pamoja na hamu kubwa ya faida za nje, kama kupata kazi nzuri baadaye, walifanya vibaya kuliko waliokuwa na mapenzi peke yake. Sababu mbili hazikujumlishwa. Moja iliila nyingine.

Upande wa pili, raha inayabeba malengo vizuri kuliko tunavyoipa sifa. Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach, katika tafiti walizozitoa mwaka 2017, waliwafuatilia watu na maazimio yao ya mwaka mpya. Watu walichagua maazimio kwa sababu ya faida za mbele: afya, fedha, elimu. Kilichobashiri nani ataendelea miezi baadaye ni kama shughuli yenyewe inampendeza wakati anaifanya. Kuchagua mazoezi unayoyapenda badala ya yale yanayosifiwa si uvivu, basi, ni akili.

Ila matokeo kama haya yana mtego, na makala nyingi kuhusu mapumziko zimenasa humo. Pumzika ili uzalishe zaidi. Cheza ili ubunifu uongezeke. Lala, utapanda cheo. Kisa kinachopendwa ni cha mwanafizikia Richard Feynman. Baada ya Vita Kuu ya Pili, akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, alijiona amekauka, hana wazo jipya. Akaamua kurudi kuichezea fizikia bila kujali kama ina maana. Siku moja kwenye mkahawa wa chuo mtu akarusha sahani juu. Feynman akaona inavyoyumba na nembo ya chuo inavyozunguka juu yake, akaketi kukokotoa uhusiano wa kuyumba na kuzunguka. Mwenzake, Hans Bethe, alimuuliza umuhimu wake nini. Hakuna, akajibu, anajifurahisha. Hesabu za sahani zikampeleka, hatua kwa hatua, kwenye kazi iliyompa Nobel mwaka 1965.

Kisa ni cha kweli na kizuri, na kinasimuliwa vibaya. Kila anayekisimulia hukimbilia Nobel, maana yake sahani imesamehewa kwa sababu ililipa. Kama isingelipa? Kuna watu wengi waliokokotoa mambo yao ya kipuuzi jioni, wakafurahi, wakalala, na hakuna aliyewahi kuwasikia. Kwa hoja ya Nobel hao walipoteza muda. Anayemshauri mwenzake ajifurahishe ili afanikiwe amemrudisha kwenye kile kile alichotaka kumtoa, tena kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa sasa hata mchezo unatolewa ripoti.

Mtu atauliza haya yote ni ya nani. Ni swali la haki. Aristotle aliyesema tunashughulika ili tupate wasaa wa kupumzika alikuwa akiishi katika jamii ambayo shughuli zilifanywa na watumwa. Mill alikuwa na ajira ya ofisi katika Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyomwachia muda wa kuandika. Mwenye kazi mbili na mtoto mchanga hahitaji kufundishwa falsafa ya starehe, anahitaji kupunguziwa saa na kuongezwa mshahara; kifungu cha 24 cha Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinalitaja pumziko kuwa haki, pamoja na mipaka ya saa za kazi. Lakini tusivuke kwenda upande wa pili na kudhani raha ya aina hii ni ya matajiri. Wenye fedha na muda ndio mara nyingi walioijaza starehe yao vipimo.

Maneno yanayoibeba hesabu hadi ndani huwa ya upole. Mwanamke anafuma jioni, mgeni anaishika kazi yake, anaigeuza, anasema: unafuma vizuri hivi, kwa nini usiuze? Ni sifa ya dhati. Tazama kinachofuata akikubali. Rangi sasa inachaguliwa na mteja. Kuna tarehe. Ile tabia yake ya kufumua mistari kumi kwa sababu haikumkaa vizuri machoni inakuwa hasara. Ule mshono mgumu aliokuwa akijifunza polepole anauacha, maana hauonekani kwenye picha na unakula muda. Kama anahitaji fedha, auze, na asione haya. Malengo ni malengo. Ila ajue ameajiri kile kilichokuwa kikimpumzisha, na atahitaji kingine ambacho mgeni akikishika hatakuwa na la kusema. Ndiyo maana ninawaonea gere watu wanaofanya jambo vibaya na kuliendeleza: mwimbaji wa kwaya ambaye hajawahi kupewa ubeti wa peke yake, mcheza sataranji anayefungwa na wapwa zake. Hakuna atakayewaambia wauze.

Simu yenyewe siiweki kwenye fungu hili, ingawa wengi huitaja kwanza wakiulizwa wanajifurahishaje. Saa mbili za kupitisha video fupi moja baada ya nyingine hazina lengo, kweli, lakini mtu anayetoka humo akijilaumu hakuwa akizifurahia kwa ajili yake zenyewe. Alikuwa ameshikwa. Kutokuwa na matokeo peke yake hakulifanyi jambo kuwa la thamani.

Pingamizi moja ninalikubali kwa sehemu kubwa. Mambo mengi ya kufurahiwa kwa ajili yake hayafurahishi mwanzoni. Anayejifunza gitaa ana vidole vinavyouma na nyuzi zinazokoroma, na hakuna anayelipenda gitaa kwa sauti hiyo. Anavuka kipindi hicho kwa malengo: wimbo mmoja kabla ya mwisho wa mwezi, dakika 20 kila siku, labda hata mtihani wa daraja. Bila malengo hafiki mahali pa kufurahia. Kinachotakiwa ni lengo likishamvusha listaafu, na hilo ndilo gumu, kwa sababu baada ya daraja la kwanza lipo la pili. Wako wanaoyapenda madaraja yenyewe, wanayacheza kama drafti, nao wako salama. Wengine wanagundua siku mtihani unapoahirishwa kwamba hawana hamu ya kulishika gitaa.

Na kwa kuwa kufurahia kunahitaji mazoea, kuahirisha kunagharimu kuliko watu wanavyodhani. Anayejiambia atapiga muziki akistaafu anaufikia ustaafu akiwa na miaka 40 ya mazoezi ya kitu kingine: kutazama mbele, kuuliza hii ni ya nini. Analinunua gitaa akiwa na muda wote wa dunia, akilitaka limpe alichokuwa akipewa na kazi, heshima na sababu ya kuamka. Hilo ni lengo zito kuliko mengi aliyowahi kuwekewa na mwajiri wake, na analiweka juu ya vidole ambavyo bado vinauma.